Saa Moja Tu ya Kidonge

Siku tuliyopata habari ya Amon niligombana na ukoo mzima wa mume wangu, na mpaka leo sijamwomba mtu msamaha. Nasema mapema, ili anayetafuta hadithi ya mkwe mpole aende zake.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku Ipyana. Mume wangu ni Hezroni, na nyumba yetu iko uwanja mmoja na nyumba ya baba yake. Baba mkwe wangu simtaji jina, hata hapa. Kwetu Wanyakyusa mke hamwoni baba mkwe wake, na baba mkwe hamwoni yeye. Akitokea kwenye njia ya shambani, mimi naingia kwenye migomba mpaka apite. Akikaa barazani, nazunguka nyuma ya nyumba na ndoo yangu kichwani, mvua inyeshe isinyeshe. Familia nyingi zimeacha, siku hizi mkwe na baba mkwe wanakula meza moja na hakuna aliyeota pembe. Ukoo wa mume wangu haujaacha. Nilipoolewa nilikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu ni heshima, tena ina raha yake. Miaka yote hiyo yule mzee hajawahi kunifokea, kunituma, wala kuniuliza kwa nini wali umeungua.

Shida ni kwamba mtu aliyeujua moyo wake vizuri kuliko wote pale nyumbani nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyekatazwa kuusogelea.

Mishipa ya moyo wake ilikuwa imebana. Mwenzangu kazini, Jackson, ndiye aliyekuwa akimpima, kisha ananiletea majibu tunayajadili. Mzee aliandikiwa Atenolol, kidonge kimoja kila asubuhi. Aliyekuwa akimpa ni Marta, wifi yangu, anayekaa naye tangu mama yao afariki. Kila asubuhi namwuliza Marta uani, "Amemeza?" naye anajibu, "Amemeza, wifi." Huo ndio uliokuwa udaktari wangu kwa baba mkwe.

Hapa lazima nieleze kidonge, kwa sababu watu wanasema "dawa ya moyo" kana kwamba moyo ni mguu ulioteguka unaopakwa mafuta.

Mtu akishtuka, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, na mishipa ya fahamu inamwaga ndugu yake, noradrenalini, moja kwa moja ndani ya moyo. Molekuli hizo zinafika kwenye ukuta wa seli ya moyo. Haziingii ndani. Pale ukutani kuna vipokezi, na molekuli inakaa kwenye kipokezi chake mpaka kijipinde kidogo. Kule ndani protini zinapokezana habari, milango inafunguka, kalsiamu inamwagika kwenye seli, na nyuzi za msuli zinajikunja kwa nguvu. Kalsiamu ikirudishwa ghalani, nyuzi zinalegea. Kwa hofu kubwa kalsiamu inakuja nyingi, tena haraka, na moyo unapiga mbio ili mwenye moyo aweze kumkimbia nyoka. Kwa kijana, vizuri sana. Kwa mzee mwenye mishipa iliyobana, moyo unadai damu ambayo haina njia ya kufika.

Atenolol inawahi kiti. Adrenalini inakuja inakuta kipokezi kimekaliwa, inapita. Lakini seli haipendi kunyamaziwa. Ikikaa miezi haisikii kitu, inatengeneza vipokezi vingine na kuvipanga ukutani. Ndiyo maana dawa hii haiachwi ghafla. Ukiiacha, vipokezi vyote vinabaki wazi, vya zamani na vipya, na mgonjwa anachangamka hata majirani wanasema amepona. Kisha linatokea jambo la kumshtua kidogo tu, na moyo wake unalisikia mara mbili, mara tatu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafunga kitambaa kichwani niende kazini. Simu ya Hezroni ililia. Alisikiliza, akakaa kitandani, akaniambia Amon amekufa.

Amon ni mdogo wake, kitinda mimba wa mzee. Mzee alikuwa na watoto wa kiume wawili tu, hao. Amon alikuwa wakala wa mizigo pale Kasumulu, mpakani, na alfajiri hiyo alikuwa amepanda lori la mchele lililopinduka. Nilimpenda Amon. Akija nyumbani alikuwa akinitania kwa sauti, "Shemeji, toka kwenye migomba, mzee amekwenda kuoga!" na mzee yuko pale pale barazani anasikia, anajifanya hasikii.

Nililia. Kisha nikajifuta uso, maana udaktari hauna adabu, unaingia hata penye machozi. Nilimwita Marta nyuma ya nyumba. Habari alikuwa amekwishaipata, amejiziba mdomo kwa khanga ili baba asisikie.

"Wifi," nikamwambia, "mpe mzee kidonge chake sasa hivi. Tungoje kidogo, kisha Hezroni aingie amwambie polepole, amekaa, mimi nikiwa hapa nje ya dirisha."

Marta akaangalia chini.

"Alikwishaacha."

"Ameacha nini?"

"Dawa. Nimemwachisha mimi, tangu Jumapili. Wifi, alikuwa analala tu kama kuku mwenye kideri. Kina mama kanisani wakasema dawa hizo zinammaliza mtu. Na kweli, tangu aache anatembea mwenyewe mpaka kwenye kokoa! Jana amekula sahani mbili."

"Na kila asubuhi nikikuuliza?"

"Niliogopa utanifokea."

"Vidonge viko wapi?"

"Nilivitupa chooni."

Damu ilinichemka. Niseme ukweli, nilitaka kumzaba kofi, na ningemzaba kama asingekuwa anamlilia mdogo wake. Tangu Jumapili! Kama ningekuwa mkwe wa ukoo mwingine ningemwona mzee kwa macho yangu, ningemshika mkono siku ile ile ya kwanza ningejua. Badala yake nilikuwa naambiwa "amemeza" na mtu anayeniogopa, juu ya mtu ninayepaswa kumwogopa.

Nilimwambia Hezroni mambo mawili. La kwanza, naenda mjini Kyela kwa Shamsa mwenye duka la dawa, kwa kuwa kituoni kwetu dawa hiyo ilikuwa imekwisha na Jackson yuko mafunzoni Mbeya. La pili, mzee asiambiwe chochote mpaka nirudi, ameze, na ipite saa moja. Kidonge si risasi. Kinataka saa nzima kuyeyuka, kuingia kwenye damu na kufika kwenye hivyo viti.

"Saa moja tu," nikasema. "Baada ya hapo lieni mpaka mbingu zisikie."

"Na shangazi?" akauliza.

Shangazi Anyisile ni dada wa mzee. Nchi nzima inamjua kwa sauti yake. Kwetu msiba hauletwi kwa kunong'ona. Wanawake wa ukoo wanakusanyika barabarani, wanaweka mikono kichwani, wanaingia uwanjani kwa kilio, na mwenye msiba anajua kabla hajaambiwa. Shangazi ndiye anayetangulia. Nilimpigia simu hapo hapo, nimesimama kwenye matope nasubiri bodaboda.

"Mugonile, shangazi. Naomba saa moja. Msiingie bado. Moyo wa mzee hauna kinga leo."

"Mwanangu, Amon ni mtoto wa nani?"

"Ni wetu sote, shangazi."

"Basi unataka mtoto wetu akae saa nzima hajaliliwa, na baba yake anakunywa chai?"

"Akiwa amekunywa na kidonge, ndiyo."

"Hayo mambo yako ya hospitali yaache hospitalini," akasema, akakata.

Hezroni alinishika bega. Akasema yeye mwenyewe atasimama njia panda awazuie. "Nenda. Hawatapita." Nikamwamini. Ni mume wangu, ningemwamini nani mwingine?

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na bodaboda iliteleza njia nzima kati ya majaruba ya mpunga. Shamsa alikuwa anafungua duka. Aliponiona uso hakusalimu, alinyoosha mkono tu, nikamtajia dawa, nikaongeza na aspirini. Alinipa akisema, "Pole. Pesa utaleta." Watu wa namna hiyo wapo, nataka wajulikane.

Nikiwa nyuma ya yule dereva wakati wa kurudi niliusikia moyo wangu mwenyewe. Mikono baridi, mdomo mkavu, kifua kinagonga mpaka kooni. Nilijua kila kitu kilichokuwa kinatokea mle ndani, kipokezi kwa kipokezi, na kujua hakukunisaidia hata chembe. Nilikuwa na hofu au hasira? Kule chini kwenye seli hakuna tofauti. Molekuli ni ile ile.

Nilisikia kilio kabla sijaona nyumba.

Walikuwa wamekwishavuka njia panda. Wamefika kwenye kokoa zetu, wanawake kama thelathini, shangazi mbele, mikono kichwani. Na mume wangu? Alikuwa amesimama chini ya mkokoa, mikono mfukoni, analia. Amewapisha. Sikumuuliza kitu. Niliruka kwenye pikipiki kabla haijasimama, nikapita katikati yao nawasukuma kwa viwiko, mama wa watu mmoja akakaa kwenye matope.

Nilipofika uwanjani nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Marta hakuonekana. Kilio kilikuwa nyuma yangu, karibu. Mwenye busara angesimama dirishani aite kwa adabu. Mimi hasira iliniambia kwamba heshima hii ndiyo iliyotupa vidonge chooni, na kwamba sitangoja mtu mwingine wa kunipokelea maneno. Niliingia.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, anasikiliza nje. Pembeni yake kulikuwa na mtungi wa maji wa wafinyanzi wa Ikombe. Nilikuwa sijawahi kuona uso wake kwa karibu. Ni uso wa Hezroni, umezeeka.

Aliniona.

Hakugeuka ukutani kama nilivyotegemea. Hakuniambia toka. Alinitazama machoni, mkwe wake, kitambaa kimeanguka, matope mpaka magotini, nimesimama chumbani mwake mchana kweupe. Kikombe kikamtoka mkononi.

"Hezroni," akasema.

Nilidhani anamwita mwanawe anitoe. Nikasema, "Baba, meza kwanza," nikasogea na kidonge. Alikuwa ameshika kifua. Midomo imekuwa ya kijivu.

"Hezroni wangu," akasema tena, na machozi yakaanza kumtoka.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilihisi kama nimepigwa. Ni kitu gani kinaweza kumvusha mwanamke wa Kinyakyusa mlango wa baba mkwe wake, mbio, kichwa wazi, huku kilio kinakuja nyuma yake? Mzee hakuhitaji kuambiwa. Kwake mimi nilikuwa tangazo lenyewe. Mke wa Hezroni ameingia, basi Hezroni amekufa. Shangazi na wanawake wake thelathini hawakuwa wamefika hata barazani. Msiba niliuleta mimi, na nilileta msiba wa mtoto asiyekufa.

"Hezroni mzima!" nilipiga kelele. "Baba, Hezroni mzima! Yuko nje!"

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Nilikwenda mlangoni nikamwita mume wangu kwa ukali ambao mke haruhusiwi kuutumia mbele ya watu.

"Wewe! Toa mikono mfukoni uingie humu ndani! Baba yako aone uso wako!"

Kilio kilikatika. Hezroni alikuja mbio. Mzee alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akampapasa kama mtu anayetafuta kitu gizani, mdomo, masikio, shingo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni, nimeshika kifundo cha mkono wa mzee bila ruhusa ya mtu, na mapigo yalikuwa yanakwenda ovyo, yanajikwaa, yanakimbia tena. Nilimtafunisha aspirini. Atenolol nilibaki nayo kiganjani, maana mapigo yakiwa ovyo vile na midomo ya kijivu, hata mimi sikuthubutu. Saa ya kidonge ilikuwa imepita.

Kisha mzee alimwachia Hezroni. Alimtazama, akatazama mlango uliojaa wanawake.

"Basi ni Amon," akasema.

Shangazi ndipo alipoanza upya, na safari hii sikumlaumu.

Tulimpeleka Mbeya kwa gari la jirani. Daktari wa moyo kule alinionyesha kwenye skrini. Sehemu ya juu ya moyo ilikuwa inajikunja vizuri, ya chini imevimba, imetulia, haifanyi kitu. Mishipa yake ilikuwa bado na njia, haikuwa imeziba. Adrenalini ikija nyingi mno kwa mara moja, seli zinalewa nayo, zinazimia zikiwa hai. "Zikipewa muda zitaamka," akasema. "Alipata mshtuko gani?" Nilimwambia amefiwa na mtoto. Sikumwambia ni wangapi.

Amon alizikwa baba yake akiwa kitandani Mbeya. Hilo nalo nililaumiwa mimi.

Mzee aliporudi nyumbani, ukoo ulikaa kikao. Wanaume barazani, mimi nyuma ya ukuta kwenye mafiga, nasikia. Walisema mkwe ameingia chumbani kwa baba mkwe, mzee ameshtuka, nusura afe. Walisema nitoe ng'ombe wa kusafisha jambo hilo. Nilingoja waseme kuhusu vidonge. Nilingoja waseme kuhusu njia panda. Marta alikuwa anawapitishia chai, nasikia vikombe. Hezroni alikuwa amekaa nao. Hakuna aliyesema. Nilichukua sufuria nikaibamiza chini kwa nguvu zangu zote, kikao kikanyamaza, kisha kikaendelea.

Ng'ombe nilimtoa. Nilimtoa kwa hasira, nikachagua mwembamba.

Jackson amehamishwa na aliyekuja badala yake anakaa mbali, kwa hiyo wazee wameruhusu kitu kimoja. Kila asubuhi nasimama nje ya mlango wa mzee. Kuna pazia. Mkono wake unatoka paziani peke yake, na ndani ya kiganja kuna kidonge. Ananionyesha kwanza, kisha mkono unarudi, nasikia anakunywa maji ya mtungi, kisha mkono unatoka tena mtupu. Nakishika kifundo nahesabu. Hatusemi. Mara nyingi nahesabu nikiwa bado na hasira, na yeye nadhani anajua, maana vidole vyangu si vya upole.

Juzi Marta alikuwa shambani na Hezroni amekwenda Kasumulu kuchukua vitu vya Amon. Uwanja mzima hakukuwa na mtu ila sisi wawili na kuku. Mkono ulitoka, ukarudi, ukatoka. Nilipoanza kuhesabu, mzee alizungumza kule ndani, akielekeza maneno ukutani, kama inavyotakiwa, kana kwamba kuna mtu wa katikati wa kuyapokea.

"Mwambieni mke wa Hezroni," akasema, "siku nyingine akiingia humu, aanze kwa kutaja aliye mzima."

Nilitazama kuku.

"Amesikia, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu.

Chini ya vidole vyangu, kwa sauti yangu tu, mapigo yake yaliruka mara moja. Kisha yakarudi yakaendelea polepole, na sikuuachia mkono mpaka nilipomaliza kuhesabu.